Mapapai Niliyokufungia Safari

Deo mwanangu, kifungua mimba wangu,

Nimekaa hapa barazani kwetu Lukole, mahali ulipozoea kuvuta kiti na kunyoosha miguu ukitoka safari. Barua ya marehemu sijui hupitia posta gani, kwa hiyo hii naiacha wazi, asomaye asome. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wetu alikuwa akiwaonyesha wenzangu daftari langu, hivyo anayetaka kunicheka acheke mengine, si mwandiko.

Nianze na habari za nyumbani. Mpapai wa nyuma ya jiko umezaa mpaka nimeuegemezea mti usianguke. Mchicha umejaa, maboga yametambaa hadi kwenye uzio wa jirani, na bilinganya zinang'aa kama viatu vya padri. Nasema mwenyewe, maana wa kunisemea simwoni: kutoka hapa mpaka Nyabusozi hakuna mwanamke mwenye bustani kama yangu. Bwana shamba akiwa na wageni wa kuwaonyesha kitu, anawaleta kwangu. Wanapiga picha, wanasema hongera mama. Wakishaondoka nabaki nayatazama majani hayo yote na kujiuliza yananisaidia nini.

Unakumbuka ulivyokuwa unakula? Kiangazi kikikausha kila kitu, mimi nilikuwa nashuka bondeni na ndoo kichwani ili tuta moja tu la mboga lisife, nawe ulikuwa unanifuata nyuma na kikopo chako. Nikipika isombe, kile kisamvu chetu cha kutwanga, nikakitia karanga, ulikuwa unakaa karibu na mafiga kabla hakijaiva. Majani ya maharage, majani ya maboga, nyanya chungu ambazo watoto wengine walikuwa wakizitema, wewe ulikuwa unapitisha kidole ndani ya chungu mpaka kinang'aa. Kwenye mipera ndiko zilikoishia kaptula zako zote. Siku moja jirani yetu Mama Anitha alikuta mmezunguka sinia la mboga, wewe na mdogo wako Renatus, akasema, "Mama Deo, wanao unawalisha kama mbuzi."

Nikamwambia, "Tazama meno ya mbuzi, halafu nenda ukatazame ya wanao."

Ulicheka mpaka mboga ikakutoka puani. Na kweli, mwana wanje, mwanangu wee, ulikuwa huugui. Wenzako walikuwa wanabebwa zahanati, wewe uko juu ya mti. Nikipita nawe kanisani nilikuwa natembea polepole makusudi, ili watu wakuone vizuri.

Halafu ikaja siku ya kipaimara chako. Baba yenu, Mungu amlaze pema, alikuita ukakae na wanaume kwa mara ya kwanza, pale walipokuwa wakinywa pombe ya ndizi. Nilikuwa nimekuchagulia papai zuri kuliko yote, nikalimenya, nikalipanga kwenye sahani ya wageni. Ulilitazama, ukawatazama wale wazee, ukaisukuma sahani kwa ncha ya kidole.

"Mama, hilo wape watoto."

Wanaume wakacheka kwa furaha. Baba yako alikupiga mgongoni kama mtu aliyepata kaka mpya. Ndivyo ilivyo kwetu, nani asiyejua? Tunda ni la mtoto, la mgonjwa, la mwenye mimba. Mwanamume akionekana njiani anang'ata papai, watu watauliza nyumbani kwake kumekuwaje. Na mboga za majani ni chakula cha siku ambayo hakuna kitu. Nilirudi jikoni na sahani yangu, watoto wakalimaliza papai lile kabla sijaketi.

Ukawa dereva. Na dereva mwenyewe si wa kubahatisha: lori refu, kutoka mpakani Rusumo mpaka Dar es Salaam, na tajiri wako alikuwa anasema gari likiwa mikononi mwako yeye analala. Ukipita Benaco ulikuwa unakata kona kuja kunisalimu, umebeba mchele na mafuta ya kula, na soda za kutosha kijiji. Kila ukija tumbo lilikuwa limeongezeka kidogo. Watu wakasema, "Mama Deo, mwanao ana afya." Na mimi nikajibu, "Ametoka kwa nani?" Sote tuliona tumbo ni afya. Nyama choma asubuhi, chipsi mayai mchana, soda juu yake, chumvi unanyunyiza kabla hujaonja. Tuliona ni maisha mazuri, na kwa mtoto aliyeanza na kikopo cha kumwagilia mchicha yalikuwa maisha mazuri kweli.

Lakini sikukuacha uondoke mikono mitupu. Nilikuwa nachana kipande cha kitenge changu cha zamani, nafungia mapapai, maparachichi, mapera ya msimu, nafunga fundo langu la kukunja mara mbili, nakupandishia mpaka ndani ya lori. Ulikuwa unapokea kwa mikono miwili. "Asante mama, nitakula njiani." Mbele ya Renatus, mbele ya Mama Anitha, hukuwahi kunikatalia. Nami Jumapili baada ya misa nikawa nawatangazia wanawake wenzangu: "Mwanangu hali tunda la sokoni. Kutoka hapa mpaka Dar anakula la mama yake." Wengine walichukia. Nikawaacha wachukie.

Ulipopimwa presha ukapewa vidonge, ulinipigia simu. Nikakuuliza daktari kasemaje kuhusu chakula. Ukasema, "Kasema mboga na matunda, mama. Si unajua nakula ya kwako?" Nikalala nimetulia.

Kiharusi kilikukuta njiani, ng'ambo ya Kahama. Walionisimulia wanasema lori lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, breki imefungwa, taa za hatari zinawaka, na wewe umeegemea usukani. Hukugonga mtu, hukuangusha hata mfuko mmoja wa mzigo. Hata kufa uliegesha vizuri. Nimewaambia watu neno hilo mara nyingi. Nikilisema najivuna, nikimaliza kulisema natamani ardhi inimeze.

Siku tulipokuzika Renatus alishikwa na kichwa, akashindwa kusimama. Wakampima, na yeye presha imepanda kupita kiasi, wala hakuwa anajua. Siku zilizofuata nilikwenda naye hospitali mimi mwenyewe, nikaingia mpaka ndani, mtu mzima na mama yake. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia vidonge asiache hata akijisikia mzima, chumvi apunguze, nyama iwe kwa kiasi, na kila siku ale mboga na matunda, si siku mojamoja. Akasema mboga haichukui nafasi ya kidonge, na kidonge hakichukui nafasi ya mboga. Mtu anayekula hivyo, akasema, anapunguza hatari ya moyo, ya kiharusi, hata na ya kisukari.

Nikamuuliza, "Mwanangu yule mwingine alikuwa anakula vyangu. Mbona amekufa?"

Akasema, "Zinapunguza hatari, mama. Hazimfungii mtu mlango wa kifo. Presha ina mengi."

Neno hilo nililipokea, Deo. Nilijiambia, basi, nilimpa mwanangu kila kinachopunguza, kilichobaki ni cha Mungu. Hicho ndicho kilichonisimamisha mwaka mzima. Nilikuwa nakula kwa sababu yake, nalima kwa sababu yake.

Mwezi uliopita, mwaka ulipotimia, tumeondoa matanga yako. Renatus alichinja fahali, maana huwezi kumuondolea matanga mtu kama wewe kwa kuku. Lakini mimi nilisema sufuria kubwa kuliko zote itakuwa ya mboga. Nilipika isombe, nikapika mchicha wa lengalenga na nyanya chungu, nikachemsha maboga, na mapapai nikayapanga kwenye ungo mpya. Mama Anitha alifunua sufuria akanitazama. "Mama Deo, umetuita kwenye matanga au Kwaresima?" Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka. Nikamwambia ale anyamaze, akala, akarudi kuongeza. Upande wa wanaume, sufuria ilipita kama haina kitu ndani. Nilimwona Renatus naye akiipitisha. Nilikwenda nikamwekea mwenyewe kwenye sahani, mbele ya wakwe na marafiki zake wa Biharamulo, wale wenye maduka ya spea kama yeye.

Akasema taratibu, bila ubaya, "Mama, mimi si mtoto."

Jioni nilimfuata kwenye gari lake jeupe. Nilisema kila nilichojua. Nilimtajia jina lako. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mimi mama yake, naye akaniinua haraka watu wasione, akasema, "Basi, mama. Nitakula. Nifungie." Nikakimbia ndani kama msichana. Nikachana kitenge cha maua mekundu nilichovaa kwenye ubatizo wake, nikafunga mapapai, fundo mara mbili. Akapokea kwa mikono miwili.

Siku ya tatu simu yake ikawa haipokelewi. Moyo wa mama aliyekwisha kuzika haungoji. Nilipanda gari la Biharamulo na mkoba wangu, ndani nimetia papai jingine. Kule msituni kabla ya Nyakahura tulisimamishwa kwenye kizuizi, na watoto wanaouza mahindi ya kuchoma wakaja madirishani kama kawaida yao. Msichana mmoja alikuwa amebeba ungo wa mahindi, na mahindi amefunikia kitenge cha maua mekundu.

Nguo yangu naijua. Nikamuuliza kaitoa wapi.

"Tulipewa na baba wa gari jeupe, bibi. Ilikuwa na mapapai. Shikamoo."

Nikasema marahaba. Sijui nilisemaje. Nikaona na kichwani amejifunga kipande kingine, cha bluu, kilichopauka. Hicho nacho changu, Deo. Ni kitenge alichoninunulia baba yako, nilichana nikakufungia wewe safari moja ya masika.

"Na hicho cha kichwani?"

"Hiki cha zamani. Alitupa baba wa lori. Yule alikuwa kila akipita anatushushia. Mapapai, maparachichi, mapera. Alisema mama yake ndiye anayelima, hakuna anayemshinda Ngara nzima." Akachungulia barabarani kama anayetafuta kitu. "Siku hizi hapiti. Unamjua, bibi?"

Kizuizi kikainuliwa, gari likaondoka. Sikumjibu yule mtoto. Nisamehe, sikumjibu.

Njia nzima nilikuwa nasema na wewe moyoni. Ulinisifia. Hapo barabarani, kwa watoto wasionijua, ulinitangaza kama mimi nilivyokutangaza kanisani. Huenda ulikuwa unajivunia mapapai yangu kuliko mimi mwenyewe. Ungeyaonja, mwanangu. Kipande kimoja, ndani ya lori, vioo umepandisha, nani angekuona? Daktari alisema yanapunguza, hakusema yanaponya, na mimi leo nakililia hicho cha kupunguza. Kama ni kidogo kama punje, nilikitaka. Nilikuwa nimelala nikidhani unacho.

Nilimkuta Renatus dukani kwake, mzima, amekaa nyuma ya meza. Sahani ya nyama ilikuwa mbele yake na chupa ya soda imebaki nusu. Simu ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya oili, ndiyo maana. Alifurahi kuniona. Aliniletea kiti, akakipangusa kwa mkono.

"Vidonge unameza?" nikamuuliza.

"Nameza nikijisikia vibaya."

"Na yale mapapai?"

Akanitazama machoni, kama ulivyokuwa unanitazama. "Matamu sana, mama. Nimemaliza yote."

 Yote niliyokuwa nayo, Deo, nilikuwa nimeyasema mavumbini siku ile. Kumwita mwongo mbele ya wateja wake sikuweza, na niliyemkuta barabarani sikumtaja. Nilifungua mkoba, nikatoa lile papai nililokuja nalo, nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili.

Sasa nimerudi. Mpapai hauelewi kitu, unaendelea kuzaa. Asubuhi nimechana kitenge kingine, kwa sababu Renatus atapita Jumamosi, na mimi kazi nyingine ya umama siijui. Wakati mwingine nafikiri nimtaje yule msichana wa mahindi, wakati mwingine nafikiri nikimtaja hataleta hata mikono ya kupokea. Watoto wa kizuizini wana meno mazuri, wanakimbia vizuri. Wanakuulizia.

Pumzika, baba. Ulipo, kama kuna atakayekumenyea tunda, usimwambie ampe mtoto.

Ni mimi mama yako,
na mama wa Renatus, mpaka leo.

Lukole, Ngara