Nyavu Zilizoingia Kwenye Picha

Nyakwara, mjukuu wangu Akinyi,

Huku Sori tu wazima. Babako anakusalimu, goti bado linamsumbua.

Unauliza kwa nini yule mama alikufukuza ukipiga picha watoto wa skeitibodi uwanjani kwao. Usimkasirikie. Miaka ya tisini mpiga picha alikuja hapa ufuoni, babako na wenzake wakiteleza kwa mbao zenye magurudumu ya beringi. Nikajua huyo ametumwa na serikali kutafuta nyavu zangu, zile za matundu madogo zilizokatazwa. Nikazianua mbio.

Baadaye alituletea picha. Babako yuko hewani, anacheka. Nyuma yake ni mimi, nimekumbatia nyavu kama mwizi. Kama nisingezibeba, zisingeonekana.

Mpelekee huyo mama picha ya mtoto wake. Na kama yeye pia yumo, usimcheke.

Dani, nyanya yako