Sauti Nne Ndani ya Atari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Makambako. Likizo imeanza na nimeletwa kwa Ba'mkubwa Aron nimsaidie dukani. Duka la vifaa vya ujenzi — misumari, bati, mabomba, saruji. Asubuhi nilisimama kaunta. Mteja akauliza bei ya bawaba. Nikajibu. Akauliza tena. Nikajibu tena, sauti ikazidi kwenda chini. Binamu yangu Emanuel akamwambia, "Huyo, bosi, ukitaka kumsikia mpaka umtumie meseji."

Mchana nikahamishiwa stoo. Afadhali. Stoo haiulizi bei.

Na stoo nimekuta kitu. Nyuma ya marobota ya waya, chini ya turubai — kompyuta ya Babu Nahumu, iliyohifadhiwa huku tangu zamani. Nilikuwa naisikia tu. Atari. Kompyuta yenyewe iko ndani ya kibodi, kibodi nene kama mkate. Kioo kidogo, cheusi na cheupe basi. Pembeni sanduku la chuma lenye diski ngumu. Mjerumani mmoja aliyekuwa mmisionari Makete alimwachia Babu alipokuwa anarudi kwao, kabla baba yangu hajaoa.

Babu alikuwa mwalimu wa kwaya kule kwetu Yakobi. Aliingiza humo nyimbo zake zote, kila wimbo na sauti zake nne. Makaratasi aliyotungia yalioza mwaka ule upepo ulipoezua paa. Kwa hiyo zimebaki humu tu.

Krismasi iliyopita kwaya iliimba wimbo wake mmoja, "Tumepanda Asubuhi". Waliimba sauti ya kwanza wote, wanaume kwa wanawake, kwa sababu hizo nyingine hakuna anayezikumbuka sawasawa. Babu aliinuka kabla wimbo haujaisha. Alisema anakwenda kuangalia ng'ombe. Hana ng'ombe.

Jumanne, 10 Juni

Ba'mkubwa anataka stoo yote iwe ya saruji. Tarsis, mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kubeba kila kilicho chini ya turubai.

Nilijikaza nikasema, "Ba'mkubwa, ile kompyuta naomba isiende."

Akauliza inafanya kazi? Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijaiwasha.

Akasema, "Elina, mimi sibishani na mtu anayesoma. Nionyeshe wimbo mmoja wa mzee kwenye hicho kioo. Wimbo ambao mtu anaweza kusimama hapa akauimba, sauti zote nne. Ukishindwa, Tarsis akija inapanda kwenye mizani."

Ni makubaliano ya haki. Emanuel akashauri nichomeke flashi, nihamishe kila kitu, tumalize. Nikamwambia haina pa kuchomeka flashi. Imezaliwa kabla ya flashi.

Emanuel: "Sawa, Profesa."

Naweza. Sijui bado ninavyoweza, ila naweza.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi ilikuwa baridi ya kukata masikio. Nikawasha. Kioo kikawaka, safi kabisa. Diski ngumu ikakwama — inagugumia tu, haizunguki. Nikafikiri: grisi ya pikipiki ya Ba'mkubwa inaganda asubuhi, kwa nini hii isigande? Nikaomba chupa ya maji ya moto kwa Ma'mkubwa, nikaiegemeza kwenye sanduku, nikafunika na blanketi. Ma'mkubwa akachungulia, akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Saa nne ikaanza kuzunguka. Mlio kama cherehani.

Ndani kuna kabrasha linaitwa KWAYA. Nyimbo zote zimo, kila moja na faili lake! Nikafungua "Tumepanda". Si wimbo. Ni mistari ya herufi na mikwaju na mabano, kama mtu amemwaga kopo la misumari.

Baadaye nikaelewa. Babu hakuandika kurasa. Aliandika maagizo ya kurasa: weka herufi hii hapa, panga sauti nne moja juu ya nyingine, chora mstari. Kuna programu inaitwa TeX ambayo inayasoma maagizo hayo na kuchora ukurasa wenyewe. Bila hiyo hakuna wimbo.

Na programu haimo. Kabrasha lake lipo, ndani tupu.

Nikamuuliza Emanuel. Akaangalia dari. Kumbe zamani, akiwa darasa la pili, alifuta vitu ili apate nafasi ya gemu la ndege.

"Nilikuwa mtoto."

"Ulifika hatua ya ngapi?"

"Ya pili."

Nikampigia Babu. Anasema programu ilikuja kwenye disketi, na disketi zipo. "Nilimpa bibi yako atunze." Kwa Bibi kitu hakipotei. Jumapili naenda Yakobi.

Jumapili, 15 Juni

Yakobi. Kanisani kwaya iliimba, lakini si nyimbo za Babu. Wanamkwepa tangu Krismasi ile. Wamebaki kumsalimia tu kwa heshima kubwa mno — Kamwene, mwalimu, kamwene — kisha wanaharakisha.

Baada ya chakula nikamuuliza Bibi Dorosela habari za disketi. Akanipeleka jikoni. Si kabatini chumbani. Jikoni! Akapanda kwenye kigoda, akaingiza mkono darini, juu ya mafiga, pale anapoweka mahindi ya mbegu ili moshi uzuie wadudu. Katikati ya mahindi kulikuwa na mfuko wa nailoni uliogeuka kahawia. Disketi saba.

"Darini, Bibi?" nikauliza. Bibi akaniangalia.

"Babu yako aliniambia, tunza hizi, bila hizi zile nyimbo hazioti tena. Mimi mbegu natunza wapi?"

Babu mlangoni: "Nilisema kwa mfano, Dorosela."

"Ulisema. Zimeliwa na wadudu?"

Kweli hazijaliwa na wadudu. Zina masizi, zinanuka moshi, na moja imejikunja kama chapati iliyosahaulika. Sita zimenyooka. Bibi alifuta mfuko kwa kanga yake kabla ya kunikabidhi, akaongeza mahindi ya kuchemsha ya njiani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi Makambako. Pamba, spiriti kidogo, uvumilivu. Kila disketi ina kimlango cha bati. Unakisogeza, unafuta taratibu, unazungusha, unafuta tena. Pamba ilitoka nyeusi kama imesugua sufuria.

Kisha nikaanza. Mashine inaomba: weka disketi ya 1. Inasoma kwa sauti ya kukwaruza. Weka ya 2. Ya 3 ilikataa, nikaitoa, nikaifuta tena, ikakubali. Ya 4, ya 5. Ikaomba ya 6.

Ya 6 ndiyo chapati.

Niliiruka. Ikakubali kuendelea na ya 7, kisha ikaandika imemaliza. Nikampigia Babu kuuliza ya 6 ilikuwa na nini. Anasema fonti na programu ziko kwenye zile nyingine. Ya 6 ilikuwa na maagizo yake mwenyewe — yale yanayoieleza mashine jinsi ya kuandika nota za do-re-mi. Yeye na yule Mjerumani waliyatunga masika yote.

Akaniambia niache, nimejitahidi.

Siachi. Kilichotungwa mara moja kinatungika mara ya pili.

Jumanne, 17 Juni

Nimeandika sentensi moja ya majaribio: Jina langu ni Elina na hii ni Makambako. Nikaiambia TeX isome. Ikakaa. Ikafikiri. Ikatoa namba 1 ndani ya mabano — maana yake ukurasa wa kwanza tayari. Nikafungua programu ya kuangalizia.

Sijui niseme nini. Ilikuwa imepigwa chapa kama kitabu. Nafasi kati ya herufi, ukingo, kila kitu. Sentensi yangu ya kipuuzi imevaa suti.

Ma'mkubwa aliniita chakula mara tatu.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbili nimetunga maagizo ya Babu upya. Kitabu cha maelekezo, nilichokikuta chini ya turubai, ni cha Kiingereza, kinene, lakini si kigumu kuliko fizikia. Nikikosea mashine inatoa mstari unaoanza na alama ya mshangao kisha inanyamaza, inanisubiri, kama mwalimu wa zamu. Naipenda hiyo. Haicheki.

Kazi yenyewe: d ni do, r ni re, rahisi. Mstari wa kutenga mapigo, rahisi. Sauti nne zipangwe moja juu ya nyingine na maneno chini — ilinichukua jana yote. Halafu kuna alama mbili ndogo ambazo Babu aliziita a na b. Moja inakaa juu ya herufi, maana yake sauti ipande. Nyingine inakaa chini, sauti ishuke. Nikaweka a juu, b chini.

Saa kumi jioni "Tumepanda Asubuhi" ikatokea kwenye kioo. Mistari minne ya nota, maneno chini yake. Nikafunga mlango wa stoo nikaiimba sauti ya kwanza kutoka kwenye kioo, polepole. Ndiyo yenyewe! Kila nota mahali pake.

Nimemaliza. Nimeweza peke yangu na bado siku moja imebaki.

Ijumaa, 20 Juni

Babu amefika na basi la mchana, koti zito na kofia ya sufu. Hakutaka kuangalia leo. Anasema macho yake ni ya asubuhi. Nikakuza herufi mara mbili ili azione — unabadilisha namba moja tu juu ya faili. Usiku huu nitalala vizuri.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa stoo, nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Mashine inafanya kazi.

Tarsis alifika mapema na lori lake dogo na mizani. Wakaanza kupakia waya na mabomba yenye kutu. Mimi nikamkalisha Babu mbele ya kioo. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Kidole chake kikawa kinatembea kwenye mstari wa nne, wa besi, halafu akaanza kuimba, chini kabisa, bila maneno. Alipofika mwisho wa mstari alivua kofia.

Ba'mkubwa alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Nikamwambia, "Ba'mkubwa, wimbo huu hapa. Sauti zote nne."

Akaja. Akainama. Sikujua kama anasoma nota! Akaanza mstari wa tatu, wa teno, kwa sauti ndogo. Katikati akasimama.

"Hapa panapanda?"

Nikasema ndivyo kioo kinavyoonyesha.

"Mimi nimeimbishwa teno na huyu mzee tangu sijaota ndevu. Hapa tunashuka. Huko juu nani anafika? Labda awe amekanyagwa mguu."

Emanuel akacheka. Babu akafumba macho, akaipita sauti hiyo yote kichwani, tukawa tunaona midomo yake ikicheza. Halafu akasema taratibu, "Aron anasema kweli. Panashuka."

"Basi mashine imeshaharibu nyimbo," akasema Ba'mkubwa, na sauti yake haikuwa ya ubishi. Ilikuwa kama amepokea habari ya msiba. "Tulisema wimbo unaoimbika, Elina."

Tarsis akachungulia. "Bosi, hiki nacho nipakie?"

Nikaangalia ule mstari. Nikaangalia mstari wa kwanza. Na nikaona.

Sauti ya kwanza haina alama hata moja. Haipandi, haishuki, inakaa katikati mwanzo hadi mwisho. Nami nilijaribu hiyo tu, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Ndiyo tunayoijua wote Yakobi. Ningeweza kuweka a na b nilivyotaka, kwa sauti ya kwanza ingekuwa sawa tu. Nilikisia, kisha nikajipa alama zote.

"Mashine haijaharibu," nikasema. "Nyimbo ziko salama. Kosa ni langu, liko kwenye mistari miwili ya maagizo niliyotunga. Nimeweka ya kushuka juu na ya kupanda chini. Nipeni muda nizibadilishe."

Babu akauliza, "Una hakika?"

"Nina hakika, Babu."

Na ninayo. Si ile ya Alhamisi. Hii nimeiona.

Nimebadilisha. Nimeiambia isome upya. Herufi zikiwa kubwa hivi inakwenda polepole zaidi, na leo hata diski inalalamika. Kioo kimeandika jina la faili na kubaki hapo. Hakuna alama ya mshangao.

Tarsis amepiga honi. Ana mzigo mwingine Ilembula na anataka kujua kama tunauza au hatuuzi. Ba'mkubwa amejibu bila kutoka nje, "Subiri kidogo." Amebeba mfuko wa saruji, ameuweka kando ya wangu, amekaa. Funguo ameziingiza mfukoni.

Amemuuliza Babu, "Ile alto ya hapa, nani alikuwa anaiongoza?"

"Mama yako."

"Mama alikuwa alto?"

"Sasa wewe ulikuwa unasikiliza nini siku zote hizo?"

Emanuel amezima redio ya dukani bila kuambiwa.

Namba 1 imetokea ndani ya mabano. Nafungua programu ya kuangalizia. Honi tena, ndefu. Ba'mkubwa hajageuka. Anaangalia mstari wa tatu unavyojichora, alama sasa iko chini ya herufi, na anasafisha koo aimbe.