Kitabu Kipya cha Jenereta

Jumapili, Julai. Jua lipo, joto hakuna.

Upepo umevuma tangu asubuhi na nguo nilizoanika kwenye kibaraza hapa Umbilo, huku kusini mwa Afrika, zimekauka zikawa ngumu kama mbao. Nimerudi kutoka hospitali saa kumi, nimekunywa vikombe viwili vya chai, na bado mikono yangu ni ya baridi. Sina wa kumwambia haya, kwa hiyo naandika hapa. Atakayesoma na asome.

Mimi ni fundi umeme wa ghala la barafu kule Isipingo. Tunahifadhi kuku na samaki wa watu. Mwaka jana kampuni ilijiunga na mpango wa kupunguza umeme. Gridi ya taifa ikielemewa, hasa jioni za baridi kama hizi watu wanapowasha majiko na hita kwa pamoja, tunapata ujumbe saa tisa kwamba kuanzia saa kumi na moja tupunguze matumizi kwa saa mbili. Anayepunguza analipwa. Sharti kubwa liko ukurasa wa kwanza wa mkataba: ni marufuku kuwasha jenereta ya dizeli kufidia. Jenereta ni ya wakati umeme umekatika, na ya majaribio mafupi mara moja kwa mwezi. Ukizima gridi ukawasha dizeli hujapunguza chochote, umehamisha moshi tu.

Mwanzoni tulifanya kwa haki. Kuanzia saa sita mchana nilikuwa napoza vyumba kupita kiasi, halafu saa kumi na moja tunafunga milango, tunazima mashine, na baridi inajikalia yenyewe saa mbili bila taabu. Nilijivunia sana kazi hiyo. Kisha wateja wakaongezeka, malori yakawa yanafika jioni ileile, milango haifungwi, na meneja hakutaka lori hata moja lingoje. Akasema niwashe jenereta, na kwenye kitabu chake niandike kwamba ni majaribio.

Nikawasha.

Mwezi wa tano tuliijaribu mara kumi na moja. Hata mgonjwa wa presha hapimwi hivyo.

Kosa langu la kifundi ni kwamba niliandika saa za kweli. Mzee aliyenifundisha kazi Tanga alikuwa akisema kitabu cha mashine ni kama cheti cha mgonjwa, ukidanganya humo umeua. Basi uongo wangu wote ulikuwa kwenye neno moja, "majaribio", lakini saa ya kuwasha na saa ya kuzima niliziandika hadi dakika. Yeyote atakayeweka kitabu changu kando ya zile jumbe ataona vinakwenda pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi sikuliona hilo. Meneja aliliona Alhamisi, ilipofika barua kwamba mkaguzi wa mpango anakuja Jumatatu.

Aliniita ofisini, akafunga mlango. Mezani palikuwa na kitabu kipya chenye jalada lilelile, na kalamu tatu tofauti, ili mwaka mzima usionekane umeandikwa kwa kalamu moja. Akaniambia nipake mafuta kidogo kwenye pembe za kurasa. Alisema kwa upole kabisa. Akanikumbusha pia kwamba kibali changu cha kazi kinaisha Septemba, na barua ya kukiombea anaiandika yeye. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo nilivyojiambia, nikatia vile vitu kwenye begi.

Jana nilikaa nikauandika mwaka upya. Nina mwandiko mzuri, na nikiri kwamba kuna kurasa nilizifurahia. Nilipofika Jumatano moja ya mwezi wa sita, mkono ukasimama. Siku hiyo jenereta ilinguruma kutoka saa kumi na moja hadi saa moja, na siku hiyo Mama Bahati alibebwa kupelekwa hospitali.

Mama Bahati ni Mkongo, fundi cherehani. Amepanga chumba nyuma ya ukuta wa ghala letu, na bomba la moshi la jenereta linatazama dirisha lake. Hapo dirishani ndipo anaposhona sare za shule, kwa ajili ya mwanga. Ana pumu ya miaka mingi. Mwezi wa nne aliniuliza moshi ule mweusi unatoka wapi, nami nikamjibu bila kupepesa macho kwamba ni taxi, zile basi ndogo za pale stendi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona.

Jumatano ile alikutwa ameangukia cherehani. Hii ni wiki ya nne yuko wodini na mrija puani, na daktari amemwambia mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa.

Kwenye kitabu kipya niliandika: Jenereta haikuwashwa.

Leo nimekwenda kumwona na mfuko wa machenza. Nilipanga kumjulia hali na kuondoka. Lakini alinishika mkono akaniuliza habari za Rehema, binti yangu aliye Tanga na mama yake, na hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: si taxi, ni jenereta yetu, na anayeiwasha ni mimi. Nilitaka anitukane. Ningepata nafuu.

"Papa Rehema, mi nilijuaka tu," alisema, polepole, kwa sababu ya pumzi. "Ile moshi iko na saa yake. Taxi haiko na saa."

Nikamuuliza mbona hakusema kitu. Akaniambia alikuwa ananiangalia mimi. Kila siku saa kumi na nusu napita dirishani kwake nikienda kununua mkate.

"Siku unanisalimia, moshi hakuna. Siku unapita kichwa chini, mi nafunga dirisha, naenda kukaa kwa dada mpaka iishe."

Kumbe miezi yote ile aibu yangu ndiyo iliyokuwa ikikilinda kifua chake, na mimi sina habari.

Akavuta hewa, akaongeza: "Lakini ile Jumatano ulinisalimia muzuri sana."

Nakumbuka. Nilisimama kabisa, nikamtania kuhusu uzi wake wa rangi ya chungwa, tukacheka. Ujumbe ulikuwa kwenye simu yangu tangu saa tisa. Nilijua ninakwenda kuwasha. Sikuinamisha kichwa kwa sababu jambo lenyewe halikuniuma tena.

Nilikuwa nimezoea.

Mkaguzi anafika kesho saa tatu asubuhi. Nitampa kitabu cha zamani, na akiniuliza majaribio haya yote ni ya nini, nitamwambia hayakuwa majaribio. Meneja atafanya atakalofanya. Naogopa, sifichi, naogopa kushuka basi Tanga mikono mitupu mbele ya mke wangu. Lakini ninachoogopa zaidi ni ile salamu ya Jumatano, jinsi ilivyonitoka kwa urahisi.