Jiwe la Mwisho la Kinu

Ijumaa, 12 Aprili
Mama anataka kesho twende kwenye kinu cha maji cha babu zake, walikosaga nafaka. Ghafla tu! Tangu arudi kutoka hospitali juzi amekuwa mtu wa amri. Majibu ya vipimo kayafungia kwenye pochi. Sijamuuliza. Naogopa, basi.
Mjomba anakuja pia. Kanionya kwa simu nivae viatu vya matope na nisimchokoze mama.

Jumamosi, 13 Aprili
Tumefika. Rasharasha. Kinu chenyewe – kuta nne, paa nusu, gurudumu la maji limeoza. Mlinzi anaomba tusiliguse, ni la kihistoria. Kana kwamba tungelitia mfukoni.
Makaburi yako nyuma. Kila mmoja wa ukoo kalazwa chini ya jiwe la kusagia lililoisha meno. Hakuna majina. Mama anawajua wote, anawataja kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Imebaki nafasi moja. Na jiwe moja, ndani ya kinu. Vyote vya mjomba: ndiye kifungua mimba, kajitangazia tangu ujana. Hata leo kalipiga kofi lile jiwe, akasema godoro lake bado zima. Tukacheka.
Mama hakucheka. Alilikalia.
"Kaka, nipe mimi."
Mjomba akamtania apange foleni, mkubwa ni yeye. Mama akajibu taratibu tu:
"Kwenye foleni nimeshakupita."
Nikatazama viatu vyangu. Vimejaa tope.

Jumamosi hiyo hiyo, garini
Mjomba alitoka. Nikadhani kanuna – kumbe kaenda kuazima mtarimbo na magogo! Kavua koti. Anasema jiwe lifike kaburini leo leo, asije mtu akalidandia. Mama kamwambia hakusema leo. Hakusikia, au kajifanya. Analia huku anasukuma, mzee mzima, na anasingizia jasho.
Tumelifikisha mlangoni, limekwama. Halirudi, haliendi. Mlinzi anasema jiwe ni la ukoo, sawa, lakini mlango haubomolewi. Tungoje watu zaidi, kesho. Mjomba hataki hata kusikia.
Nimetumwa kamba. Iko hapa miguuni pangu, naiona. Nimekaa naandika.
Dirisha liko wazi. Mama kalikalia tena jiwe, pale pale mlangoni. Mjomba anamwomba apishe, kazi iendelee.
"Mimi sina haraka, kaka."
Ananiita sasa, mjomba. Kamba iko wapi?