Sahihi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mvua tangu alfajiri. Kikao cha kata kimepitisha — sindano ya uzazi wa majira haitolewi tena zahanati bila sahihi ya mume. Mume akiwa safarini, asaini baba mkwe. Na asaini mbele yangu na mbele ya mwanamke mwenyewe, maana barua eti tunaghushi. Tunaghushi! Miaka kumi na saba ya unesi, leo naitwa mghushi.

Hoja kaileta diwani wetu mpya, Lazaro. Lazaro huyu huyu aliyenibebea kipaza sauti mpaka Isongole mwaka 1984, tukihubiri watoto wapishane. Serikali ilitutuma, naye akihubiri kwa nguvu kuliko mimi. Sasa anasema sindano ni mambo ya Wazungu, inaua mila za Wanyakyusa. Wazee wakapiga makofi. Mzee Ambilikile alisimama kabisa kupiga yake. Nilinyoosha mkono mara tatu. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 6 Machi

Hasira haijapoa. Si kata yetu tu. Ukifungua redio, maadili. Ukienda kanisani, maadili. Vyama vingi vilipokuja nilidhani watashindana kwa dawa na maji ya bomba. Kumbe wanashindana nani atawabana wanawake zaidi!

Lazaro kafungua baa na banda la video karibu na stendi ya Tukuyu. Soko huria, anasema. Bia huria, mitumba huria, picha za ngumi huria. Tumbo la mwanamke tu ndilo limetiwa kufuli.

Mganga wangu wa zahanati kaninong'oneza kwamba niko sahihi. Halafu akasema nitii, nisije nikahamishwa. Mwanaume mzima, ananong'ona.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Tumegawiwa kanga na soda moja moja.

Mchana akaja Lilian, wa kule Suma. Mumewe, Ackson, yuko machimboni Chunya, anarudi Pasaka. Sindano yake inaisha nguvu Jumanne. Huyu nilimzalisha mwenyewe mtoto wa nne. Damu mpaka sakafuni, gari likakwama kwenye tope Kyimo, tukalisukuma naye akiwa ndani. Daktari alisema wazi — mimba ya tano itamuua.

Nikamweleza sharti. Nikachukua fomu. Jina la baba mkwe? Kimya. Nikauliza tena. Akaangalia miguu yake.

Ndipo nikakumbuka. Mimi Mnyakyusa, nimesahau! Mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba ajifiche. Jina lake halitamki mpaka anaingia kaburini. Sasa asainiwe naye uso kwa uso! Wazee kumi na wawili wamekaa tangu saa tatu mpaka saa saba wakitetea mila, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka mila yenyewe.

Jina nikaliandika mwenyewe, maana nalijua. Ambilikile.

Jumapili, 10 Machi

Nimetoka ibadani moja kwa moja mpaka kwa mzee. Mkewe alinipa chai, sikuinywa. Nikamwambia kwamba mkwewe yumo kwenye orodha yangu, na daktari alisema nini. Aliilaza fimbo yake sakafuni. Kisha akasema, "Mama, mimi nilifikiri tunazungumza habari za wake za watu wengine."

Nilitaka kumpigia kelele. Lakini alikuwa ameshika kichwa.

Yuko tayari kusaini nyumbani, mkewe alete karatasi. Nikampitia Lazaro baani. Hapana. Akimlegezea mzee mmoja, anasema, wote watataka. Jumanne atakuja mwenyewe na muhuri. Nimelia njia nzima, kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumanne, 12 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika hapa hapa mezani.

Lilian yuko humu kwenye chumba cha sindano, kajifunika kanga kichwa kizima, uso ukutani. Mzee yuko barazani, ametupa mgongo. Kaja kwa miguu kwenye mvua. Kashika kalamu. Nikampelekea karatasi, nikasema asaini papo hapo, sauti yake inasikika ndani, inatosha. Lazaro, naye yuko barazani na muhuri wake, kaizuia karatasi. Anasema sharti ni mbele ya mwanamke. Aingie, amwone.

Mzee hakupandisha sauti. "Nikiingia humo, nimemvua nguo mke wa mwanangu. Wewe ndiye uliyesema mila."

Lazaro akamjibu kwamba basi sindano haipo. Akaniita nitoe chupa zote za dawa, azifungie ofisini kwake. Sikutoka. Nikasikia hatua zake zinakuja mlangoni, kisha benchi linaburutwa kwenye saruji. Nikachungulia dirishani.

Mzee Ambilikile amelivuta benchi mpaka mlangoni kwetu. Amekaa, mgongo umeegemea mbao za mlango, fimbo magotini. Hajageuka kututazama hata kidogo. Lazaro amesimama mbele yake na muhuri mkononi, anamwambia apishe. Hajibiwi.

Karatasi haina sahihi. Wananchi wanajaa uani. Mganga kajifungia stoo.

Nimesukuma komeo kwa ndani. Dawa ipo kwenye trei. Sijamwambia Lilian neno lolote — anakunja mkono wa gauni.