Mjomba Kinyozi na Picha ya Mama

3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, hata tarishi atalalamika bahasha nzito. U mzima? Sisi huku wazima. Tunakula, tunalala, tunagombana kama kawaida.

Nakuarifu kwamba mjomba wako si kinyozi tu tena. Nimejiunga na Chama cha Wapenda Picha, kinachokutana kila Jumamosi chumba cha nyuma cha maktaba. Madirisha tunayaziba kwa mablanketi, tunasafisha picha zetu wenyewe. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu, mama mkali, lakini siku ya kwanza nilivyoishika kamera aliniuliza, "Wewe umesomea wapi?" Nikamwambia darasa la nne, na hilo la nne niliingilia dirishani. Wengine wanadai aliuliza kwa sababu niliishika kichwa chini miguu juu. Wana wivu.

Mama yako usimwazie. Kile kiharusi kimemkimbia chenyewe. Mkono wa kulia umerudi na nguvu za ziada. Juzi kang'oa mlango wa kabati akitafuta chumvi.

Mjomba wako, Mpiga Picha


21 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila viganja vimejaa malengelenge ya kuvuta nyaya. Mafunzo ya umeme yamefika ukingoni. Mtihani ni Juni, na fomu inatakiwa kabla ya Aprili kwisha. Anayekosa anarudia miaka yote miwili.

Mjomba, nakupenda, lakini wewe ukisema mvua inanyesha mtu hutoa mkono nje kwanza. Mwezi wa kumi uliniandikia mama ana mafua. Kumbe amelazwa, upande mmoja haumsikii. Yeye naye barua zake anaandikiwa na jirani, na kila moja inasema "sijambo". Kama hali yake ni mbaya, naacha mafunzo nije kumuuguza. Nitajuaje? Basi kwa kuwa umekuwa mpiga picha, nipigie mama. Picha haitiwi chumvi.

Mpwa wako


16 Machi

Mpwa wangu,

Habari za huko? Huku nzuri, kasoro kandambili moja iliyonipata sikioni.

Dada alikataa. "Njoo unipige nikishanenepa," akasema. Nikamwambia kamera yangu inanenepesha, ndipo kandambili ikaja. Lakini mimi sishindwi na mtu niliyezaliwa naye tumbo moja. Nilinyata nyuma yake akichambua mchele, nikabonyeza. Itazame shingo hiyo! Miaka ishirini na sita nanyoa watu. Shingo ya mgonjwa naijua na ya mzima naijua.

Chamani wamestaajabu. Mwenyekiti alizitandaza picha zangu zote mezani, ishirini na nne: dada, mwalimu, muuza maziwa, mwizi wa kuku aliyestaafu. Akasema tangu azaliwe hajaona kitu kama hiki.

Mjomba wako, Bingwa


2 Aprili

Mjomba, shikamoo. Sikio linaendeleaje?

Nimepokea kisogo cha mama. Mwenzangu wa kitanda cha juu ameuliza kama ni mteja wako. Nilicheka, halafu usiku sikulala vizuri, maana kisogo hakina habari.

Siku zinaisha. Wiki iliyopita nilifunga mkoba, nikaufungua, nikaufunga tena. Kama ifikapo tarehe ishirini na saba sijauona uso wake na mwili wake wote, nitapanda basi. Sitakulaumu.

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nimeketi.

Nilimwonyesha Mwenyekiti. Akasema, "Maisha yako yote umesimama nyuma ya viti vya watu. Hebu zunguka mbele."

Jumamosi chama kizima kilikuja nyumbani na stuli zao. Dada hawezi kufukuza wageni, akaketi. Mimi nikasimama mbele yake, kamera jichoni. Mwenyekiti akasema, "Rudi nyuma, miguu haijaingia." Nikarudi. "Tena." Nikarudi tena, nikakanyaga sabuni, nikaenda chali kwenye beseni la nguo zilizolowekwa. Kidole kilibonyeza nikiwa bado njiani, ndiyo maana picha imelala upande. Mashahidi wapo saba, hili siongezi.

Sasa sikiliza. Mama yako amekonda, mabega utayaona. Anakula nusu sahani. Anatembea hadi getini, anapumzika, anarudi. Kikombe anashika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia tunauvalisha nguo, wenyewe hauendi popote. Mlango wa kabati niliuvunja mimi. Alinikataza kukuambia, nami nikakubali, kwa sababu uongo naumudu, kilio chako sikimudu.

Sijui nikuambie ubaki au uje. Ukija, kitanda kipo.

Mjomba wako


27 Aprili

Mjomba, shikamoo. Natumai suruali imekauka.

Picha ilifika jana mchana. Kwanza niliona mabega, nikalia, tena sana. Asante kwa kunieleza kabla sijafika kwenye picha.

Halafu nikamwona anacheka. Mdomo umekwenda upande, lakini anacheka mpaka macho yamefumba. Nikaipeleka karakana, nikaiweka chini ya taa tunayotumia kutafutia waya uliokatika. Mjomba, hukuona? Wewe ulikuwa unaanguka, naye ameinuka kidogo kitini, mkono uko mbele, vidole vimefunguka. Alitaka kukudaka. Nimeigeuza picha huku na huku, nimemwita mwenzangu aitazame, nimejiketisha kama mama nikanyoosha mkono wangu mwenyewe nihakikishe. Ni wa kulia. Labda hata yeye mwenyewe hajui kama uliinuka. Safisha nakala nyingine umpelekee daktari, kesho isifike.

Fomu nimeipeleka leo asubuhi. Nitafanya mtihani, na Julai nakuja kukaa mwezi mzima. Mpaka hapo kila atakachotaka mama, kikombe, kitana, redio, kiwekeni kulia kwake, mbali kidogo. Usimhurumie. Atakutukana, najua. Niandikie matusi yote kama yalivyotoka, usipunguze hata moja.

Mpwa wako