Mwaitu, Hukuwa Mgonjwa

Mwaitu,

Mama yangu, hukuwa mgonjwa. Wacha nianzie hapo kabla sijalia, maana nikishaanza kulia nitaandika maneno ya kuridhisha watu, na hayo tumeshaandika ya kutosha.

Hii ni wiki ya saba tangu pikipiki ikugonge pale steji ya matatu Machakos, asubuhi ya mtihani wako. Huku kwetu Kalama hakuna jirani anayejua ulikuwa na mtihani. Wanajua ulikuwa unaenda kliniki ya presha, ukashikwa na kizunguzungu, ukaanguka barabarani. Miaka miwili umesoma kompyuta chuoni, na tumekuzika kama mgonjwa!

Niko na hasira na Baba Mkubwa. Ni yeye aliyebuni hiyo kliniki, wakati wanawake wa jumuiya ya kanisa walianza kuulizana mjane huyu anaenda wapi kila asubuhi amevaa viatu vya kufunga. Ati ni heshima ya boma la ndugu yake. Ati mwanamke wa miaka hamsini na tatu kukaa dawati moja na watoto wa watu ni kichekesho. Lakini niko na hasira na wewe pia, na usidhani nitakusamehe kwa sababu umekufa. Ulikubali! Uliniambia, "Mueni, wacha waseme kliniki, bora mimi niende." Ukawa unatembea polepole umeshika kiuno mpaka upite duka la mwisho, halafu unakaza mwendo kama mtu aliyeona mvua na ndengu zake alizoanika bado ziko nje. Ulikuwa ukinisimulia jioni tunacheka mpaka machozi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imefika mpaka kaburini.

Ningependa wakuone vile nilikuona mimi. Hatukuwa na kompyuta nyumbani, kwa hivyo ulichora vitufe vyote kwenye kipande cha katoni, ukawa unabonyeza huku githeri inachemka. Ile wiki mlifundishwa kuunga nyaya za mtandao, ulikaa mlangoni ukisuka kiondo chako huku ukitaja rangi za nyuzi za waya kwa mpangilio wake: nyeupe na machungwa, machungwa, nyeupe na kijani, bluu, mpaka zikatimia nane. Ulisuka hizo rangi nane mara mbili kuzunguka kiondo. Kesho yake ukaunga waya wako wa kwanza kabla ya darasa zima, ukarudi hapa ukiringa. "Hao watoto wana macho," ulisema, "lakini hawana vidole." Aki Mwaitu, nilijivunia wewe siku hiyo kuliko siku yoyote, na sikukuambia.

Sasa nikwambie ya mazishi, na hii ndiyo inaninyima usingizi.

Wasifu wako niliuandika mimi. Pale penye Elimu niliandika kwamba ulikuwa mwanafunzi wa teknolojia ya habari, mwaka wa pili. Baba Mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akachukua biro nyekundu akakata huo mstari. "Tusilete maswali siku ya msiba," akasema. Na mimi unayenijua, mimi ambaye hata chifu nimewahi kumjibu, nikanyamaza. Nikasimama mbele ya watu nikasoma kwa mdomo wangu huu kwamba ulisoma mpaka darasa la saba, na kwamba ulipigana na ugonjwa kwa ujasiri. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja wa jumuiya akasimama kushuhudia vile alikuwa anakuona ukiteseka ukienda kliniki!

Wanafunzi wenzako walikuja, Mwaitu. Kama ishirini hivi, wote na fulana za bluu za chuo, wakakaa nyuma kabisa. Mshereheshaji hakuwajua, akatangaza kwamba ni vijana wa kanisa kutoka mjini, akawashukuru, akawaambia wasiondoke kabla ya chakula. Kiongozi wa darasa lenu, yule msichana Ndunge, alikuwa ameshasimama na karatasi ya kusoma. Akaniangalia. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Mimi nikaangalia chini, naye akaikunja karatasi akakaa.

Alinipa baadaye. Imeandikwa kwamba walikuwa wanakuita Mum, na kwamba mtu akiharibu kazi yake na kutaka kuacha masomo, wewe ulikuwa unamwambia, "Futa machozi, anza tena, mimi nimeanza tena na uzee huu." Hiyo ndiyo ilistahili kusomwa.

Juzi Baba Mkubwa alileta fundi kujengea kaburi. Nilipofika, simenti ya juu ilikuwa bado mbichi na fundi alikuwa na maneno kwenye kikaratasi: "Mama mpendwa aliyevumilia maradhi." Nilikichukua hicho kikaratasi nikakirarua. Fundi akalalamika, "Dada, mimi nimetumwa na mzee." Nikamwambia mzee huyo si yeye aliyezaliwa na huyu mama, anipe msumari. Nikapiga magoti nikaandika mwenyewe, jina lako kwanza, halafu chini yake: ALIKUWA MWANAFUNZI WA KOMPYUTA. ALIFARIKI AKIENDA MTIHANI. Herufi zimepinda, utanisamehe. Fundi alisoma, akavua kofia.

Jumamosi Baba Mkubwa anakuja na padri na jumuiya yote kubariki kaburi. Hajaliona bado. Simenti imekauka, na huwezi kuikata na biro.

Lala sasa, Mwaitu. Nimempigia Ndunge simu, waje tena wote na fulana zao. Nakuahidi safari hii hawatakaa nyuma. Na mtu akiniuliza ni nani aliyesema uongo siku ile ya kukuzika, nitaanza na jina langu.

Mwanao,
Mueni